Maji Yaliyolala Kwenye Nyasi

Habari za kifo cha Mama Acen zilinikuta nikipara samaki, na naona aibu kusema kwamba kabla ya kulia nilikasirika. Binti yake alipiga simu kutoka Gulu, Uganda. Alisema mama ameugua wiki tatu, ameondoka kwa utulivu, na wamemzika Ijumaa mchana ili watu wafike makwao kabla jua halijazama, kwa sababu mwenyewe asingekubali mtu ashike jembe siku ya Sabato. Nilitoa pole, nikauliza yale ambayo watu huuliza, nikakata simu, kisha nikawarudia samaki wangu nikawapara kwa nguvu hadi magamba yakanirukia kwenye miwani. Nilikuwa nimemwekea maneno. Miaka yote hii, miaka ya kutosha kunipa mvi, nilikuwa na maneno niliyokusudia kumwambia siku tutakapokutana ana kwa ana: kwamba aliniacha Sherikat, pembeni mwa Juba, katikati ya maji, akaenda zake, na mimi nikapoteza shule. Sasa amekwenda mahali ambapo maneno yangu hayafiki, nami nimebaki nayo mdomoni.

Mambo ya kwetu, nani alinizaa na jinsi tulivyokwenda Kenya tukarudi, siyaweki hapa. Sura hii ni ya mwaka mmoja na chumba kimoja cha mabati. Kilikuwa ukingoni mwa Sherikat, upande wa mto, ndani ya ua wa mradi wa samaki: mabwawa manne ya udongo, banda la matangi ya plastiki ya kuangulia vifaranga, jiko la mkaa, na nyumba moja ndefu iliyogawanywa vyumba viwili kwa ukuta wa bati usioficha hata kikohozi. Chumba kimoja changu, kingine cha Mama Acen. Chini ya godoro langu niliweka barua ya chuo kimoja Kenya. Ilisema nimepata nafasi ya kusomea ufugaji wa samaki miaka mitatu, bila ada, niripoti Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na asiyefika nafasi yake atapewa mwingine. Nilikuja Januari kufanya kazi hadi siku hiyo ifike. Jioni niliitoa barua nikaisoma, mpaka mikunjo yake ikaanza kupasuka. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa na moyo wa kusaidia watu.

Mradi ulikuwa wa akina mama wa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen. Watu wao walikuwa wavuvi, lakini mto ulikuwa umewageuka: kiangazi kinarefuka hadi maji yanapata joto la kuogea, kisha mafuriko yanakuja wakati hakuna anayeyatarajia, na samaki wanatawanyika kwenye mbuga za nyasi ambako wavu hauwafikii. Basi wafuge, badala ya kuusubiri mto upate akili. Kundi lenyewe lilipewa neno la mwisho katika mambo yote, hata la mafundi: fundi wasiyemtaka anafunga mizigo siku hiyo hiyo. Kiongozi wao alikuwa Mama Nyaruach, mwanamke mrefu aliyekaa kambini Kenya akarudi na Kiswahili cha huko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kukutazama mikono unapofanya kazi, si usoni, na mimi nilidhani ananitafutia makosa.

Mafundi tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa wa kijitabu. Nilikuwa nimefanya kozi ya miezi mitatu, nikapewa kijitabu chenye picha, na nilikibeba mfukoni kama kitambulisho. Mama Acen alikuwa wa mikono. Alivaa buti za mpira na fulana ya marehemu mumewe, na aliweza kushika kambare jike tumboni akakuambia mayai yatakuwa tayari Jumatano. Alifuga kambare maisha yake yote na hakuwahi kumwonja hata mmoja, kwa sababu alikuwa Msabato na kambare hana magamba. Mimi nilipokaanga wangu, yeye alikula posho, yaani ugali, na maharagwe yake akitazama pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

“Mama Acen, huoni ni dhambi kulea kitu usichokula?” nilimchokoza.

“Mungu alisema usikule,” alijibu. “Hakusema usifuge. Wewe mtoto ya Kenya, soma vizuri.”

Kambare ndio waliokuwa ugomvi wake na akina mama. Yeye alitaka wafuge kambare mabwawa yote. “Hii samaki iko na akili,” aliwaambia. “Maji ikiharibika, inatoa pua nje, inavuta hewa ya juu kama wewe na mimi.” Akina mama walitaka tilapia, kwa sababu tilapia ndiye samaki ambaye mteja wa Juba humwita kwa jina. Wakashinda wao, maana bwawa lilikuwa lao. Bwawa la pili likajazwa tilapia, na kambare wakabaki kwenye matangi pamoja nasi. Vifaranga vya kambare vina tabia moja mbaya: vinakua bila usawa, na kile kikubwa kinammeza ndugu yake mzima. Kila wiki lazima mtu akae na beseni na chujio avitenge, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Ukiacha wiki mbili unabaki na samaki wachache wanene na tangi tupu. Mama Acen alinifundisha kazi hiyo. Niliichukia, lakini niliijua vizuri, na niliamini kwamba zaidi yetu sisi wawili hapakuwa na mwingine katika ua ule aliyeijua.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya jua. Tulichimba mabwawa yakaenda chini zaidi ili samaki wapate pa kukimbilia joto, tukatandaza mafunjo juu ya fito kuwatilia kivuli. Kisha mwezi wa saba maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo. Asubuhi moja njia ya kwenda barabarani ilikuwa na dimbwi, asubuhi ya pili dimbwi lilikuwa limeziba njia yote, na baada ya wiki ua wetu ukawa kisiwa kilichozungushiwa viroba vya mchanga. Petroli ya pampu ikaisha na hakuna wa kuileta. Boda hazikufika tena. Akina mama walikuja Alhamisi tu, kwa mtumbwi wa kusukumwa na mti mrefu, na walipoondoka tulibaki mimi, Mama Acen, vyura, na nyoka mmoja aliyehamia chini ya jiko tukamwachia. Nilihesabu hatua kutoka mlango wangu hadi kiroba cha mwisho. Zilikuwa sitini na moja upande mmoja, arobaini upande mwingine. Nilizipima kila siku kana kwamba zingeongezeka.

Maji yale ya nje yalikuwa yamefunika nyasi na kukaa juu yake. Kwanza yalikuwa ya tope, halafu yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mama Acen aliyachota kwa kiganja, akayanusa, akayamwaga.

“Hii maji imelala kwa nyasi,” alisema. “Nyasi inaoza, inakula hewa yote. Imekufa, hii. Hata tilapia wakilia, wewe hapana fungua mlango ya maji. Chukua ndoo, chota maji ya bwawa, rusha juu, irudi. Chota, rusha, mpaka jua itoke.”

Nilisema ndiyo. Kijitabu kilisema samaki wakipanda juu kutafuta hewa, ingiza maji mapya. Kiliandikwa na watu wenye mto unaotiririka, lakini hilo sikulifikiria.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya zamu. Tangu Ijumaa jua linapozama, Mama Acen hakugusa kazi. Alipika mapema, akafunga mlango, na kwa kuwa kanisa lilikuwa ng'ambo ya maji, aliendesha ibada peke yake, mhubiri na muumini. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane niliamka alfajiri nikasikia sauti ya midomo. Ni sauti ndogo, ya kufyonza, kama watoto mia wanaokunywa uji. Bwawa la pili lilikuwa limejaa midomo. Nilichukua ndoo. Nilichota na kurusha, nikachota na kurusha, mpaka mabega yakawaka na kucha moja ikang'oka kwenye mpini. Ukutani nilimsikia Mama Acen akiimba wimbo kwa Kiacholi, taratibu, mtu aliyepumzika. Nilimwonea wivu mapumziko yake. Ningeweza kugonga. Nadhani angetoka, hata Maandiko yanamruhusu mtu amwopoe ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Lakini sikutaka aone nimeshindwa na ndoo. Nikakumbuka kijitabu. Nikaenda kwenye mlango wa maji, ulio na mbao nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, nikazing'oa.

Maji meusi yaliingia vizuri, kwa sauti nzuri. Nilikaa kwenye ukingo nikapumzika. Robo saa nzima nilijiona hodari. Halafu midomo ikaanza kupungua, nami nikafurahi, mpaka nilipoona tumbo la kwanza jeupe, na la pili, na baadaye sikuweza kuona maji. Nilirudisha zile mbao haraka bila kuzitazama. Mama Acen alikuwa amefika ubeti wa mwisho. Alipotoka jioni, jua limezama, nilimwambia samaki wamekufa kwa joto na kukosa hewa. Alikwenda na tochi hadi mlango wa maji, akainama. Mbao zile zilikuwa na alama za panga, alama moja, mbili, tatu, nne kuanzia chini, nami nilikuwa nimeiweka ya tatu chini ya ya pili. Alizitoa akazipanga sawa. Kisha akapita mbele yangu akaenda kuwasha jiko. Nilijua kwamba anajua. Tulikula, na tangu usiku huo nikaanza kumwogopa.

Akina mama walikuja kesho yake, Jumapili, maana harufu ilikuwa imetangulia. Niliingia kwenye banda la matangi, nikajifanya natenga vifaranga. Kupitia bati nilisikia sauti zao, nyingi kwa pamoja, Kinuer na Kiarabu cha Juba, na katikati sauti ya Mama Acen, ya chini, ikisema kitu kirefu. Halafu Mama Nyaruach akasema neno moja ambalo sikulishika, na nikasikia miguu ikienda. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Walikuwa wanampita Mama Acen mmoja mmoja bila kumpa mkono. Ilikuwa miezi minane ya samaki, karo na dawa na mabati ya watu, na walikuwa wameyaona yakiozea juu ya maji. Nikajiambia wamekasirika tu. Nikajiambia wanakasirikia mafuriko.

Alhamisi iliyofuata Mama Acen alitoka chumbani na begi. Alisema anakwenda Gulu.

“Kwa muda gani?” nikauliza.

“Tutaona. Fanya kazi kidogo kidogo.” Akanitazama. “Na siku yako ya shule ikifika, panda mtumbwi, enda. Usiangalie samaki. Enda tu.”

Nilihisi kofi. Niliona ananisuta: umeua, sasa kimbia. Mtu anayejua siri yako hata salamu yake ina mwiba. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kukimbia kazi. Alitikisa kichwa, akavua buti zake za mpira, akaniachia mlangoni, akapanda mtumbwi miguu mitupu. Buti zile zilinibana vidole.

Sasa nilikuwa peke yangu. Niliamka, nikatenga vifaranga, nikapiga hatua zangu sitini na moja, nikala, nikalala, nikaota midomo. Alhamisi mtumbwi ulikuja, nikawapa akina mama ndoo za vifaranga vya kambare, maana baada ya msiba ule walikubali kambare bila ubishi, wakavipeleka kwenye vidimbwi walivyochimba upande mkavu. Nilikuwa nikiwacheka kimoyomoyo walivyokaa kwenye mtumbwi ule. Walijibana huku na huku, kila mmoja na ndoo yake magotini, maji yakiwamwagikia mapajani, na katikati wameacha mahali pazima patupu. Mama Nyaruach alikuwa akisimama na mti wake wa kusukumia, ananitazama, anauliza, “Keji, uko sawa?” Ninajibu niko sawa. Anangoja kidogo. Halafu anasukuma. Nilidhani anangoja niungame. Kila Alhamisi nilikaribia kufanya hivyo, na kila Alhamisi ulimi ulikuwa mzito kama kiroba.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatatu ya Septemba nilifunga begi. Nilivaa viatu vya safari, barua mfukoni, nikaketi juu ya viroba tangu asubuhi. Mtumbwi ukaja. Wakapakia vifaranga. Mama Nyaruach aliliona begi, nami nikamwona analiona. “Uko sawa?” akauliza. Nilifikiri: nikiondoka leo, Mama Acen hayupo, vifaranga havina wa kuvitenga, vitakulana, tangi litakuwa tupu, na watu watasema aliua wale halafu akawaacha hawa. Nikasema niko sawa, begi ni la kufua. Ni uongo wa kijinga kuliko wote niliowahi kusema. Nani anafua begi katikati ya mafuriko? Hakucheka. Alingoja, safari hii kwa muda mrefu, hadi wenzake wakamgeukia. Kisha akasukuma. Jumatatu nililala kifudifudi juu ya barua nikalia hadi bati likapata joto, na Jumanne nikatenga vifaranga.

Nilikaa hadi maji yalipoondoka mwezi wa kumi na mbili, kisha nikakaa tena, kwa sababu barua ilikuwa imekufa na sikuwa na pengine. Tulinyanyua kingo za mabwawa hadi kifuani, tukapanda nyasi za kushika udongo, tukazungusha wavu juu ya kingo ili maji yakizidi yapite na samaki wabaki. Mlango wa maji niliuziba kwa udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka uliofuata maji yalikuja tena, meusi vile vile, na kambare walitoa pua zao nje wakavuta hewa, wakaishi. Watu wakaanza kuniita mwalimu. Mpaka leo kazi yangu ni hiyo, ya kuzunguka kwenye mabwawa ya watu na kuwaambia wasifungue mlango. Ni kazi nzuri. Sikuichagua, nilifungiwa ndani yake, na aliyefunga, niliamini, alikuwa amelala Gulu.

Jumamosi iliyopita akina mama wa kundi la zamani walimfanyia Mama Acen maombi nyumbani kwa Mama Nyaruach, ambaye sasa ana kiwanja chake mtaa wa New Site. Walichagua Jumamosi kwa heshima yake, na kwa heshima hiyo hiyo walikuwa wamepika jana yake. Chai ilikuwa kwenye chupa, kambare wa kukausha kwenye sinia, na sahani moja ya tilapia ambayo haikuguswa na mtu. Waliimba. Kila mmoja akasema neno. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikiwa na maneno yangu ya hasira, nikayatafuta, na kilichotoka ni kingine. Nilisema tilapia wa bwawa la pili hawakuuawa na mafuriko. Nilisema nilifungua mimi.

Hakuna aliyeshtuka. Mmoja aliendelea kumchambua samaki wake miiba.

“Tunajua,” akasema Mama Nyaruach. “Acen alituambia ni yeye alifungua. Jumamosi asubuhi, alisema. Tukaangaliana. Acen, Jumamosi? Huyo mtu Jumamosi hakugusa hata kijiko cha kukoroga chai.”

Nilikaa chini. “Basi ni ninyi mliomfukuza? Kwa nini?”

“Alituomba. Alisema, mtoto huyu yuko na shule, msiharibie jina yake. Mtu lazima aende, mimi iko na nyumbani, acha niende mimi. Tulimkasirikia pia, usidhani. Kwa sababu ya hiyo uongo. Lakini tukasema sawa.”

“Na samaki? Nani angetenga vifaranga?”

“Mimi,” akasema, kwa mshangao kidogo. “Acen alinifundisha kabla yako. Nilikuwa naangalia mikono yako kila wiki, kama unafanya vile alisema. Ulikuwa unafanya vizuri. Nikasema labda ameipenda kazi.” Akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza. “Alituagiza tukutoe pale siku yako ikifika. Kila Alhamisi tulikuachia nafasi. Katikati, mahali pazuri, hupati maji.”

Niliishika ile chai. Niliona mtumbwi, magoti yaliyobanana, mahali patupu.

“Nilidhani,” nikasema, “nilidhani mnaacha nafasi ya ndoo.”

“Ndoo tulikuwa tunazipakata,” akasema Mama Nyaruach.